Uhakiki: Nagona na Msomaji wa Kigali

Katika toleo hili tunaitazama riwaya ya Nagona, iliyochapishwa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa tayari anafahamika kwa riwaya za uhalisia kama Rosa Mistika (1971). Nagona iliiacha njia hiyo, na mwaka 1991 ikafuatwa na mwenzake, Mzingile.

Wapenzi wa hadithi za Kimarekani watakumbuka The Gunslinger ya Stephen King (1982), kitabu cha kwanza cha mfululizo wa The Dark Tower. Humo Roland, mpiga bastola, anamwandama jangwani mtu aliyevaa nguo nyeusi, naye anautafuta mnara. Nagona nayo ina msafiri mpweke katika ulimwengu wa ajabu. Hata hivyo, Roland anamjua anayemfukuza. Msimulizi wa Kezilahabi anautafuta ukweli wenyewe, na safarini anakutana na akina Plato na Nietzsche.

Walimu wengi huikwepa riwaya hii kwa kuwa ni ngumu. Kwa mtazamo wetu, lugha yake si ngumu. Sentensi nyingi ni fupi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzifuata. Kinachomshinda ni zoezi tunalompa: orodhesha dhamira, taja migogoro, eleza ujumbe. Nagona haina ujumbe wa kunakiliwa ubaoni. Inamtaka msomaji akae na swali.

Tuchukue mji uliotawaliwa na kimya, anaoufikia msimulizi mapema. Msomaji wa Rwanda ni vigumu kuusoma kama fumbo tupu. Riwaya ilitoka miaka minne kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, hivyo ni kosa kuifanya utabiri. Lakini ni kosa vilevile kumwambia mwanafunzi kwamba kimya hicho ni "ishara ya ukosefu wa maana", kisha kufungua ukurasa unaofuata. Aulizwe kwanza yeye anasikia nini humo, na asiyetaka kujibu aachwe.

Riwaya ina kasoro. Wanafalsafa wake wanapita upesi mno, na asiyewafahamu hubaki mlangoni. Hapo mwalimu anahitajika, kwa maelezo mafupi kabla ya kusoma, si kwa muhtasari unaochukua nafasi ya kitabu.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017, tumeshughulika sana na salamu, barua na mazungumzo ya sokoni. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, mwanafunzi aliyefundishwa kununua viazi tu kwa Kiswahili atakwenda kuwaza kwa lugha nyingine. Tunapendekeza Nagona isomwe darasani, sura moja kwa juma, kwa sauti, na mtihani uje baadaye.