Bambo

Mnunuzi wa kahawa kule Mbinga halipi kwa kuona gunia limeshonwa vizuri. Huchoma bambo ubavuni, akakinga buni kiganjani, akaigeuzageuza na kuinusa. Kazi hiyo naipenda kwa moyo wote, ila gunia langu mimi ni hifadhidata.

Nilikuwa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, tukiskani na kupakia kwenye hifadhidata karatasi za ardhi: makubaliano ya mashamba ya muhogo, ramani zilizochorwa kwa mkono, mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji. Mihtasari hiyo si makaratasi tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie.

Kila tulipopakia kiambatisho, mfumo uliandika “Imehifadhiwa” kwa rangi ya kijani. Kwenye orodha jina la faili lilikuwepo, na tarehe pia. Siku ya tatu mzee mmoja akasogeza kiti. “Hebu nioneshe ya kwangu, mwanangu.” Nikaifungua. Nusu ya juu ilisomeka, hata mkunjo wa karatasi ulionekana. Nusu ya chini ilikuwa kijivu kitupu, na huko chini ndiko lilikokuwa dole gumba la marehemu baba yake.

Nikaiuliza hifadhidata imeshika baiti ngapi. 65,535. Faili iliyokuwa kwenye kompyuta yangu ilikuwa na baiti 131,212. Nikauliza ya pili, nikauliza ya tatu: 65,535, 65,535. Aliyezoea MySQL, programu iliyoendesha hifadhidata yetu, akiiona namba hiyo hahitaji kuambiwa zaidi, maana ndiyo kikomo cha safu ya aina ya BLOB. MEDIUMBLOB hufika megabaiti 16, LONGBLOB gigabaiti 4. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL isiporekebishwa hukataa kilichozidi. Ukali huo ukizimwa, hukata mkia na kutoa onyo ambalo mpakiaji halioni.

Tangu siku hiyo naanza na faili kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndogo hupenya popote. Kulinganisha ukubwa ni hatua ya kwanza tu: faili mbili zaweza kulingana kwa idadi ya baiti na zisifanane kwa lolote. Kwa hiyo naitoa faili kwenye seva yenyewe, si ile nakala iliyobaki kwenye kivinjari, naipitisha kwenye hesabu ya SHA-256, kisha naipitisha na ya asili. Kila moja hutoa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, mstari mzima hugeuka. Hapo bambo la kahawa limeachwa mbali, kwani lenyewe huonja punje chache, na hesabu hii hupita kwenye kila punje ya gunia. Wapo wanaosema ni kupoteza muda. Mimi sirudishi karatasi ya mtu kabla mistari miwili haijalingana.

Kule Chiwanda tukabadilisha aina ya safu, tukapakia upya. Nikasoma tarakimu kwa sauti, mwenzangu akifuata kwa kidole, hadi ya 64. Ndipo nikamfungulia mzee. Akainama karibu na kioo, akakaa hivyo kitambo, mistari ya dole la baba yake ikihesabika.

“Na ya jirani yangu je?” akauliza.

Tukaifungua.