Sikio la Mchungaji

Tangu tulipotoka Gorong'a mzee aliyekaa kando yangu alikuwa amefumba macho, nami nikadhani amelala. Gari letu aina ya Noah lilikuwa limejaa hadi kondakta akaning'inia mlangoni. Tulikuwa tukienda Mugumu. Kila tuliposimama kupakia abiria na dereva akazima injini, niliiona midomo ya mzee ikicheza. Alikuwa akitaja ndege. Alilitaja jina kwa Kikuria, kisha akanitafutia la Kiswahili, na mara nyingine akatikisa kichwa kwa kulikosa.

Alichunga ng'ombe tangu utoto, kabla hajajua kalamu. Mchungaji wa enzi zake, aliniambia, hakuruhusiwa kurudi nyumbani na kusema tu kwamba ameona ndege. Baba angemuuliza: ndege gani, alikaa wapi, alikuwa anamlilia nani?

Kituo kimoja kilikuwa karibu na kijito chenye matete. "Sikiliza huyo, mwanangu," alisema, "anamimina." Nilitega sikio. Sauti zilishuka haraka, moja juu ya nyingine, nene na laini, kama maziwa yanayotoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Alikuwa dudumizi. Nimemsikia maisha yangu yote, na kwetu mama alikuwa akianua nguo kila alipolia, kwa kuwa ndiye mpiga mbiu wa mvua. Lakini sikuwahi kungoja hadi mwisho. Mzee aliinua kidole nisiongee. Sauti ilipokaribia kukauka, dudumizi wa pili aliipokea kutoka ng'ambo ya kijito, akamimina na yeye. "Hao ni mume na mke," mzee akasema. "Ukimsikia mmoja tu, hujasikia." Miaka yote hiyo nilikuwa nimesikia nusu ya wimbo.

Aliniambia pia nisiiamini rangi. Jua likishuka, rangi humdanganya mtu, mwendo haudanganyi. Tazama mkia unavyotikiswa, tazama kama amekaa kileleni au amejificha kati ya miiba, tazama anarukaje akishtuka. Ukimjua jirani yako kwa hatua zake gizani, utashindwaje kumjua ndege? Kwa njia hiyo alinionyesha zuwakulu wawili juu ya kichaka, mikia juu, wakipokezana sauti huku wakiyumba kama wacheza ngoma. Kwangu walikuwa ndege wapya kabisa, na nimepita barabara ile zaidi ya mara ishirini.

Ndege wa huku wana historia yao vitabuni pia. Mjerumani Gustav Fischer aliondoka Pangani mwaka 1885 na msafara wa wapagazi, akatembea hadi pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, akafariki mwaka 1886 baada ya kurudi kwao. Mwaka 1887 Anton Reichenow wa Berlin alimwandika kasuku mdogo mwenye uso wa rangi ya chungwa, akampa jina la Fischer. Mwaka huo huo alimwandika kwale mwenye kifua cha kijivu, na mnana mkubwa wa mkia wa hudhurungi anayejaza migunga ya Serengeti kwa viota vyake. Katika majina hayo hakuna jina la mpagazi wala la mchungaji hata mmoja.

Lililomuuma zaidi mzee lilikuwa la mlembe, ndege anayemwongoza mtu hadi penye asali. Walipokuwa vijana walimpigia mbinja, naye akaja. Siku hizi sukari iko dukani, na mbinja hakuna. Nilimweleza kuwa mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya majaribio yao Tanzania na Msumbiji: mlembe wa Wahadzabe huitika zaidi mbinja za Wahadzabe, na wa Wayao huitika zaidi mlio wa Wayao. Ndege hujifunza lugha ya watu anaoishi nao. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi wa kwetu ameshaisahau."

Nyuma yetu vijana wawili walikuwa wameziba masikio kwa vifaa vya simu. Redio ya gari ilikuwa juu. Kando ya barabara magunia ya mkaa yalisubiri wanunuzi, na kila gunia lilikuwa mti ambao mtu kama mzee angeweza kukueleza nani alilala juu yake. Sisi tuliosoma tunajivunia kwamba Tanzania ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi wetu hatuwezi kutaja kumi.

Mzee alishuka kabla ya Mugumu, akashika njia ya miguu. Katika daftari langu nina majina kumi na manne ya Kikuria niliyoyaandika magotini. Ndege wa majina matano kati ya hayo sijawaona bado, na mzee aliniambia kuwa kijijini kwake hakuna aliyewahi kumwuliza majina hayo.