Mubuku: Maji Yanatoka Wapi?

Barafu ya milima ya Ruwenzori ikitajwa, hofu hufuata papo hapo: ikiisha, mto Mubuku wa Uganda utakauka. Kwamba barafu inapungua hakuna ubishi. Picha za setilaiti zinaonyesha ilikuwa takribani kilomita 2 za mraba mwaka 1987, na kufikia 2003 haikutimia hata kilomita 1. Ila kupungua kwa barafu hakuthibitishi kwamba mto utakauka. Hilo lilihitaji vipimo vyake.

Mtiririko wa mto hupatikana hivi. Unatafuta mahali mto uliponyooka, unavusha kamba yenye alama kutoka ukingo hadi ukingo, unapima kina kwenye kila alama, kisha unatumbukiza kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji ili kupata mwendo. Upana, kina na mwendo vikizidishwa, unapata lita kwa sekunde. Mantiki ya kuutafuta mchango wa barafu ni hiyo hiyo: pima maji yanapochuruzika kutoka barafuni, pima tena mlima unapoishia, ulinganishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 chini ya Richard Taylor wa University College London ulipata kwamba maji ya barafu hayafikii asilimia 2 ya mto, iwe kiangazi au majira ya mvua.

Nani atasadiki? Tupige hesabu wenyewe. Chukua kilomita nzima ya mraba ya barafu, tuseme kila mwaka inayeyuka na kutoa maji ya kina cha mita 2. Hizo ni mita za ujazo milioni 2. Gawanya kwa sekunde za mwaka, kama milioni 31.5, utapata lita 63 tu kwa sekunde. Na hiyo ni zaidi ya barafu ya mlima mzima mwaka 2003, ilhali Mubuku unapata sehemu yake tu.

Maji mengine yote ni mvua. Fuata tawi la Bujuku kutoka ziwani kwake: linapita kinamasi cha Bigo, ambako msafiri huruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine asizame kwenye tope jeusi, kisha linaingia misitu yenye ukungu na mianzi hadi kukutana na Mubuku karibu na kambi ya Nyabitaba. Udongo wa huko hunywa mvua na kuitoa polepole. Mvua hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme huko chini na kumwagilia mashamba, kabla mto haujaingia Ziwa George.

Mto jirani, Nyamwamba, umeshatuonya. Februari 2012 moto uliunguza mimea ya juu ya bonde lake. Tarehe 1 Mei 2013 mafuriko yaliikumba Kilembe na mji wa Kasese, na watafiti wanautaja moto huo miongoni mwa sababu.

Kuilia barafu ni haki. Lakini fedha za kuulinda Mubuku ziende kwanza kuzuia moto na ukataji miti katika misitu yake, na kuviacha vinamasi vyake bila kuguswa.