Ukanda wa McMahon

John F. Kennedy alipomvuta mwenzake baharini, watu walishika habari ya meno. Meno yalikuwapo, lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na ukanda na miguu.

Usiku wa kuamkia 2 Agosti 1943, katika mlango wa bahari wa Blackett, Visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani Amagiri iliipasua boti ya Kennedy, PT-109. Kati ya watu 13 waliokuwamo, wawili walikufa. Fundi Patrick McMahon alikuwa katika chumba cha injini petroli iliposhika moto, akaungua vibaya mikono na uso. Luteni Kennedy akamfuata majini, akamrudisha kwenye kipande cha boti kilichokuwa bado kinaelea. Kulipokucha kipande hicho kikawa kinazidi kudidimia, na kisiwa walichokichagua kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 5.

Wenzao tisa wakashikilia boriti moja, wakawa wanaisukuma kwa miguu. McMahon angeshikiliaje, na viganja vimebabuka? Kennedy akaufungua upande mmoja wa ukanda mrefu wa jaketi okozi la McMahon, akaing'ata ncha yake, akaanza kuogelea kwa mtindo wa chura, mgonjwa akimfuata chali.

Tazama alichopata hapo. Angempitishia mkono kwapani, angebaki na mkono mmoja wa kuogelea. Kwa meno, mikono na miguu yote ilikuwa huru. Ukanda uliwatenganisha kidogo, wasigongane kila anapopiga teke. Na teke la chura hupigwa chini ya maji, halirushi maji usoni mwa aliye nyuma. Mtindo huo ni wa polepole, ndiyo, lakini mwenye mzigo wa saa nne na zaidi hana haja ya mbio.

Gharama yake ilikuwa mdomoni. Ukiuma kitu huwezi kufunga midomo sawasawa, na Kennedy, aliyewahi kuogelea katika timu ya chuo cha Harvard, alikunywa maji ya chumvi hadi akatapika alipofika ufukweni. Kila baada ya dakika chache alisimama, akautoa ukanda mdomoni akaushika mkononi, akapumua. Mimi naona vituo hivyo ndivyo vilivyowafikisha.

Usiku wa siku hiyohiyo akarudi majini peke yake, na taa na bastola, kwenda mlango wa Ferguson kutafuta boti za kwao. Hakuona boti, na mkondo ukamchukua. Sioni mbinu hapo. Alibahatisha tu, na bahati ikamhurumia.

Msaada uliletwa na wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliopeleka kwa mtumbwi ujumbe aliouchonga Kennedy kwenye nazi. Tarehe 8 Agosti wote 11 walichukuliwa na boti ya PT-157, McMahon akiwa hai.