Wastani Mmoja, Sura Nne: Uhakiki wa Makala ya Anscombe

Makala ya F. J. Anscombe juu ya grafu katika uchanganuzi wa takwimu yalichapishwa mwaka 1973 katika jarida la The American Statistician. Ni mafupi, kurasa 5 tu, na mwandishi wake, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, hakuwaandikia wanafunzi wa lugha. Hata hivyo yafaa yahakikiwe hapa, kwa maana hoja yake ni hoja ya usomaji: je, muhtasari waweza kusimama mahali pa matini?

Anscombe anapambana na imani kwamba hesabu ni kitu cha hakika ilhali grafu ni mchoro wa kukisia. Badala ya kubishana kwa maneno, anaweka jedwali la namba za kubuni: mafungu 4, kila fungu jozi 11 za x na y. Wastani wa x ni 9 katika mafungu yote. Wa y ni 7.5. Mstari ulionyooka unaokadiria y ni ule ule, y = 3 + 0.5x, na kipimo cha uhusiano ni kama 0.82. Anayesoma majibu haya peke yake ataapa kwamba amesoma kitu kimoja mara nne.

Ndipo zinapokuja grafu. Fungu la kwanza ni nukta zilizotawanyika kandokando ya mstari, kama ilivyotarajiwa. La pili ni tao. Katika la tatu nukta zimejipanga kwenye mstari mwingine kabisa, y = 4 + 0.346x, isipokuwa moja iliyoruka juu na kuuvuta mstari wa hesabu. La nne ndilo lenye ubunifu mkubwa zaidi: x ni 8 mara kumi, kisha 19 mara moja.

Lugha ya kompyuta iitwayo R, inayotumiwa sana na wanasayansi leo, imeyahifadhi mafungu haya kwa jina la anscombe, na fanksheni za mean, cor na lm zimo ndani yake tayari. Mwanafunzi huandika amri moja, jibu likatoka. Katika fungu la nne lm hutoa mteremko wa 0.5 bila kusita. Ifute nukta ya 19, nayo hujibu NA, yaani hapana jibu. Mteremko mzima uliegemea nukta moja! Fanksheni haina lawama. Iliulizwa mteremko, ikautoa.

Sisi wa ushairi twaijua hali hii. Mhakiki anayehesabu mizani 16 katika kila mshororo, akaonyesha vina vya kati na vya mwisho, amesema kweli tupu. Lakini kweli hiyo hiyo yalifaa shairi la tanzia na shairi la kejeli. Wako wengi walioishia hapo wakauita uhakiki.

Grafu nayo ina hila yake, ambayo wanaomsifu Anscombe huisahau. Fanksheni ya plot huchagua mipaka ya mihimili kwa kuifuata data. Mafungu yakichorwa moja moja bila agizo, x ya la kwanza huenda 4 hadi 14 na ya la nne 8 hadi 19, kila mchoro ukijaza nafasi ile ile, na jicho hulinganisha visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Mfano uliomo katika maelezo ya R hufunga mipaka kwa makusudi: x 3 hadi 19, y 3 hadi 13. Walimu wengi hawaufiki mfano huo.

Upungufu mkubwa wa makala, kwa maoni yangu, ni kwamba x na y hazina majina. Ile nukta iliyojitenga katika fungu la tatu haiwezi kuulizwa asili yake. Kama ingekuwa mgonjwa mmoja kati ya 11, je, karani alikosea kuandika, au huyo ndiye aliyedhurika na dawa? Anscombe anatufundisha kuiona nukta. Kuifuta au kuiacha ametuachia wenyewe.