Msusi Asiyevuta

Nywele chache humuumbua msusi. Kichwa chenye nywele tele za kipilipili hufunika mengi: njia iliyokwenda upande, fungu lililozidi jirani yake, mkono uliochoka kabla ya kufika kisogoni. Nywele zikiwa haba, ngozi yote iko wazi. Kwa hiyo ukitaka kumjua fundi huku ufukweni mwa Ziwa Mweru, kati ya Nchelenge na soko la Kashikishi, msubiri apate mteja wa namna hiyo.

Mteja mwenyewe hufika akiwa amekwisha kushauriwa sana. Avae wigi. Abandike. Asuke mistari ya kubana, ile Wazambia wanayoiita mukule, maana eti ikibana ndiyo itadumu. Yeye anataka twisti za nywele zake mwenyewe, azipumzishe.

Msusi hachukui kitana kwanza. Huchukua unywele mmoja, akauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Usiposikika kabisa vidoleni, ni mwembamba. Kisha hutenganisha nywele utosini aone ngozi imeachwa wazi kiasi gani, na hapo ndipo anapima wingi. Haya ni mambo mawili, ingawa wengi huyachanganya: kuna mwenye nywele nyembamba mno lakini zimesongamana, na kuna mwenye nywele nene zilizoachana. Wa kwanza hukatika ovyo. Wa pili huonyesha ngozi. Masikini ni yule aliyepewa yote mawili.

Kuna sababu ya kwenda taratibu. Mwaka 2001 mtafiti Geneviève Loussouarn alichapisha vipimo vya nywele za Waafrika: kama nywele 190 kwa kila sentimita ya mraba, na kukua kusikofika sentimita moja kwa mwezi. Urefu wa sentimita kumi, basi, ni kazi ya zaidi ya mwaka, na mkono mzito unaweza kuumaliza kwa asubuhi moja. Mwaka 2007 Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake waliripoti kwamba karibu theluthi moja ya wanawake waliowachunguza Afrika Kusini walikuwa na upara wa kuvutwa, ule unaoanzia panjani na kupandisha paji la uso. Upara huo hausababishwi na kurogwa wala na maji ya kisima. Tunausuka wenyewe, tena kwa malipo.

Turudi kwenye kiti. Nywele hunyunyiziwa maji zikawa na unyevu tu; zikilowa chepechepe hunyumbuka kupita kiasi na kukatika upesi. Mafuta ni tone la kupaka viganja. Siagi ya shea, inayosifiwa kila mahali, huzilaza nywele hizi zikashikamana, na ngozi ikazidi kuonekana.

Ugawaji ndio unaonipendeza kuliko yote. Fundi hapigi mistari iliyonyooka kutoka usoni hadi kisogoni. Kila fungu hulikalisha mbele ya mwanya wa mafungu mawili ya nyuma yake, twisti ikianguka ifunike njia. Njia zenyewe huzipinda kidogo, kwa ncha ya kitana cha mkia, kwa sababu jicho hukimbilia mstari ulionyooka. Panjani fungu huwa kubwa kuliko la utosini, ili nywele nyingi zaidi zigawane mzigo. Nimeona wasusi wakifanya kinyume, vijifungu vidogo panjani kwa ajili ya urembo, nikanyamaza kwa adabu tu.

Kisha kusokota. Fungu hugawanywa mara mbili. Kila nusu husokotwa peke yake kuelekea kulia, halafu zote mbili hupishanishwa kuelekea kushoto. Mvuvi anayesokota kamba hufanya vivyo hivyo: kila uzi unataka kujifungua upande wake, na katika kujifungua unamkaza mwenzake. Twisti iliyopata misokoto hiyo miwili hujishika yenyewe. Haidai kuvutwa shinani. Mwanzoni kabisa, karibu na ngozi, msusi huacha ulegevu kidogo. Mteja huukunja uso akidhani itafumuka.

"Yaya, inauma?" msusi humuuliza mteja aliyevuka na boti kutoka Kilwa ya upande wa Kongo.

"Hapana. Lakini haijalegea sana?"

"Ikuume ndiyo uamini?"

Nchani huviringishia kidole, akaachia. Usiku mteja afunge kitambaa laini cha satini, maana chitenge cha pamba hunyonya unyevu na kusugua. Wanaojiandaa kwa sherehe ya Mutomboko kule Mwansabombwe, mwishoni mwa Julai, huambiwa wasije mwezi mzima kabla: nywele laini zisizoongezewa hukaa wiki mbili hivi, kisha hufumka.

Kufumua huanzia nchani, vidole vikiwa na mafuta. Nywele zinazotoka ni nyingi na mteja hushtuka, lakini kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za siku zote hizo zilikuwa zimenaswa humo. Msusi huzitandaza kiganjani azikague. Wenye kitone cheupe mwisho mmoja umedondoka kwa wakati wake. Mfupi usio na kitone umekatika. Zikiwa nyingi za namna hiyo kutoka upande mmoja, huuliza mteja analalia ubavu gani, na safari ijayo huzihamisha njia, nywele zilizobeba mzigo mara hii zipumzike.