Ufundi wa Kuhesabu Majitaka

Nausifu ufundi unaofanyika karibu na harufu ambayo wengi wetu tunaikimbia. Mwaka 1914, mjini Manchester, Edward Ardern na William Lockett walieleza kwamba majitaka yakipulizwa hewa, na tope linalotuama likahifadhiwa litumike tena, kazi ya wiki kadhaa humalizika kwa saa. Tope hilo ni umati wa bakteria wanaokula uchafu wetu. Mwaka 1987 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mogens Henze wa Denmark, akiwamo Gerrit Marais wa Cape Town, kikayaandika maisha ya umati huo kwa milinganyo: wanavyokula, wanavyoongezeka, wanavyokufa. Kompyuta ndiyo inayoikokotoa.

Faida ya milinganyo hiyo kwenye mtambo wa kusafisha majitaka si ndogo. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti huzaliana polepole. Mwendeshaji akitoa tope upesi kuliko wanavyozaliana, wanakwisha, na amonia inateremka mtoni kuua samaki. Kuwarudisha huchukua wiki. Akibana mno hewa ili aokoe umeme (na kupuliza hewa ndiko kunakokula umeme mwingi kuliko yote) mambo huharibika vilevile. Kwenye kompyuta atajaribu yote hayo, na samaki wasidhurike.

Ninachokienzi zaidi, hata hivyo, ni uaminifu wa kazi yenyewe. Mstari uliochorwa na kompyuta ni nadra kulingana na vipimo mara ya kwanza. Fundi mvivu huchezea kasi ya kuzaliana kwa bakteria mpaka mstari upite juu ya nukta za vipimo. Fundi wa kweli huwaacha bakteria kwanza, akahesabu fosforasi. Fosforasi haipotei hewani: iliyoingia na majitaka lazima itoke, ama na maji yaliyosafishwa, ama na tope. Hesabu isipolingana, kuna kipimo kinachodanganya, na mara nyingi ni kile cha tope linalotolewa. Basi anavaa buti, anateremka kwenye pampu, anapima mwenyewe. Tarakimu hiyo moja ikirekebishwa, umri wa tope, yaani muda linaokaa mtamboni, hubadilika, na bakteria waliolaumiwa huonekana hawakuwa na kosa lolote. Huo, kwangu, ndio uhandisi wenye heshima.

Wakuu wa mamlaka za maji, mnapopanga bajeti ya programu za kompyuta, tengeni kwanza fedha za kupima tope, na posho za wanaochukua sampuli usiku.